Siku ya 85

Ukiingia kwenye ofisi za Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye kaunta za benki, mapokezi ya hospitali binafsi au chumba cha wahasibu, haichukui muda kumwona mwanamke ambaye tumbo limeshashuka. Miguu imevimba. Viatu rasmi viko chini ya meza, mguuni ana kandambili, na kila anapoinuka kufuata faili anashika kiuno. Wateja humwonea huruma. Wenye midomo humuuliza kabisa, "Mama, si ungeenda kupumzika?" Yeye hucheka tu, maana hana nguvu ya kumweleza kila mtu kwamba yuko kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio. Lakini siku ni zilezile, na kila anayoitumia akiwa na tumbo ameitoa kwenye fungu la mtoto. Akiondoka wiki nne kabla, zinabaki siku 56 baada ya kujifungua. Atarudi kazini mtoto ana wiki nane, shingo bado haijakaza. Kwa hiyo anabana. Anakwenda kazini mpaka uchungu umkute hukohuko. Wapo ambao chupa imepasukia kwenye daladala, wapo waliotolewa ofisini kwa bajaji moja kwa moja hadi leba, na kesho yake wenzao wakasimuliana kama kichekesho.

Sheria imeweka ukomo upande mmoja tu. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, mama haruhusiwi kufanya kazi mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Upande wa kabla ya kujifungua ameachiwa ajipimie mwenyewe, naye anajipimia kwa kujinyima.

Siku 84 ni wiki 12, na wiki 12 si idadi ya jana. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipofanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington, miongoni mwa mikataba ya mwanzo kabisa kupitishwa ulikuwa Mkataba Namba 3 unaohusu wanawake wanaojifungua: wiki sita kabla, wiki sita baada. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1975 sheria ya ajira ilibadilishwa ili kila mwanamke mwajiriwa, mwenye ndoa na asiye na ndoa, apate siku 84 zenye mshahara mara moja kila baada ya miaka mitatu. Kumwingiza asiye na ndoa halikuwa jambo dogo kwa wakati ule. Sheria ya 2004 nayo ikaongeza mazuri yake: siku 100 za mapacha, muda wa kunyonyesha kazini, na siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule wa miaka mitatu kama mtoto atafariki kabla ya kutimiza mwaka. Lakini 84 yenyewe haikuguswa. ILO ilisogea hadi wiki 14 mwaka 2000. Sisi tungali na za 1919.

Tusijidharau kupita kiasi, hata hivyo. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, mpaka leo haina sheria ya taifa zima inayomlipa mama wa sekta binafsi mshahara akiwa kwenye uzazi. Sheria yao ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena si kwa waajiriwa wote.

Wazee wetu hawakungoja mkutano wa Washington. Uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori na mlaso, kuni zinaokotwa na wengine. Pwani zilikuwa siku arobaini: maji ya moto asubuhi na jioni, kukandwa, uji wa pilipili manga, supu ya pweza, na mama mtu mzima mlangoni anayeamua nani aingie na nani aishie barazani. Katika mila hizi mimi huangalia zaidi mgawanyo wa kazi kuliko idadi ya siku. Hakuna aliyemwendea mzazi kumuuliza shamba lake litapaliliwa na nani. Kazi yake iligawanywa kwa wifi, kwa shangazi, kwa majirani, na gharama ikabebwa na ukoo. Ofisi ya kisasa ilizichukua siku, ule mgawanyo ikauacha kijijini. Sehemu kubwa ya matatizo tunayoyaita "mama kushindwa kumudu kazi na malezi" inaanzia hapo.

Mlango wa stoo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Kliniki zetu zinafundisha hivyohivyo. Bango liko ukutani, nesi anarudia, na mama anatikisa kichwa kukubali. Miezi sita ni kama siku 180. Likizo ni 84. Bango na sheria ni vya serikali moja, ila havijawahi kukaa meza moja.

Siku ya 85 ndipo mambo yanapokutana. Mimi niliirudia kazi nikiwa na pampu ya mkono ndani ya mkoba na kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne ndani ya sidiria. Saa nne asubuhi, wakati mtoto nyumbani anaamka usingizi wake wa kwanza, maziwa yalikuwa yanashuka yenyewe. Huwezi kuyaambia yasubiri kikao kiishe. Titi linakuwa gumu kama jiwe, kisha blauzi inaanza kuloa, duara moja, halafu la pili, na mwenyekiti bado yuko kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Baada ya aibu ya kwanza nilihamia kwenye nguo za maua maua, ambazo hazitoi siri. Wanawake wengi wanaonyonyesha wanaujua ujanja huo. Wenzetu wa kiume hudhani tumeanza tu kupenda rangi.

Chumba cha kukamulia hakikuwapo. Kulikuwa na choo, na kulikuwa na stoo ya karatasi. Nilichagua stoo. Haikuwa na komeo, hivyo nilisukuma kiti mlangoni na kukikalia, mgongo ukiwa umeegemea mlango, pampu mkononi, macho kwenye maboksi ya karatasi za A4. Kila baada ya dakika chache mtu aligonga akitaka rimu. Nani asiyejua kwamba maziwa hayatoki kwa mtu mwenye hofu? Unakamua robo saa, unapata vidole viwili vya maziwa, na mlango unagongwa tena. Chupa nikaitia ndani ya kontena la chakula na kuificha kwenye friji ya kantini, nyuma ya soda za watu, kwa sababu niliambiwa kuna mwenzetu anayaona maziwa ya mtu kuwa kinyaa. Wataalamu wanasema maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam ya mchana wa Januari hiyo nyuzi 25 haiijui. Na umeme ukikatika, hata friji ni kabati tu.

Sheria imelifikiria hili, kwa nusu. Inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku. Ni kifungu kizuri kwa mji ambao mtoto anaishi mtaa wa pili kutoka ofisini. Lakini mama anakaa Chanika au Mbagala na ofisi iko Posta. Saa mbili hazimfikishi kwa mtoto na kumrudisha. Kwa hiyo wengi hujadiliana na bosi watoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Wapo mabosi wanaokubali bila maneno. Wapo wanaokubali kwa mdomo, kisha saa tisa kasoro wanaitisha kikao cha dharura. Na katika yote, sauti inayouma zaidi mara nyingi ni ya mwanamke mwenzako, aliyezaa wanne enzi zake, anayekutazama unavyobeba mkoba na kusema, "Sisi tulizaa na hatukuondoka mapema." Sijui kama aliteseka akaona ni lazima wote tuteseke, au amesahau. Nadhani amesahau.

Kenya wameandika hili kwa ukali zaidi. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge sehemu ya kunyonyeshea au kukamulia kazini, na atoe muda wake, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, nje ya muda wa chakula. Maandishi hayo hayakumzuia Zuleika Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, kuingia kwenye ukumbi wa Bunge la Taifa tarehe 7 Agosti 2019 akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano, kwa sababu siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Christopher Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha spika, alimwamuru atoke, akisema anaweza kurudi bila mtoto. Ukumbi ulilipuka. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka pamoja naye. Kumbe tangu mwaka 2013 tume ya huduma za bunge ilishaamua kiwepo chumba cha watoto. Waliotunga sheria ya kuwataka wenye viwanda watenge chumba, nyumbani kwao chumba kilikuwa bado.

Anayebaki na mtoto

Mama anaporudi ofisini, mtoto anabaki na nani? Bibi akiwa na afya huitwa kutoka mkoani, anakuja na kapu la mchele na masharti yake. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, na tangu Desemba 2021 tuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ile PJT-MMMAM iliyozinduliwa Dodoma. Lakini vituo vingi hupenda mtoto anayetembea na kusema anapohitaji choo. Wa miezi mitatu hana kwake. Anabaki na dada wa kazi.

Dada huyu ana miaka 19, pengine 20, katoka Singida, Iringa au Lushoto. Naye mara nyingi ameacha mtoto wake kwa mama yake kijijini ili aje kulea wa kwetu. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi. Kwa sheria, yeye ni mwajiriwa kama mimi; akishafanya kazi miezi sita anastahili likizo zenye malipo, ya uzazi ikiwemo. Sasa niambie, ni nyumba ngapi unazozijua ambazo dada alishika mimba akapewa siku 84 na mshahara? Hupewa nauli ya basi na begi lake. Sisi tunaoandika mabango ya Mei Mosi kuhusu mabosi wetu, nyumbani ndio mabosi, na sheria tunayoidai mjini hatuitaji tukivuka kizingiti.

Baba yuko wapi katika haya? Ana siku tatu. Lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Zinatosha kumtoa mama hospitali, kununua beseni na kumpigia simu bibi wa mtoto. Kenya baba ana wiki mbili tangu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ileile iliyompandisha mama kutoka miezi miwili hadi mitatu na kuzuia likizo yake ya mwaka isimezwe na ya uzazi. Miongoni mwa waliopigania mabadiliko hayo bungeni ni Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo jaji wa Mahakama ya Juu.

Nani analipa

Nirudi kwenye gharama, kwa sababu hapo ndipo nina neno.

Chukua mwenye shule ndogo ya awali yenye walimu wanane, saba wanawake. Mmoja akienda kujifungua, mwenye shule anamlipa mshahara wake wa karibu miezi mitatu, na anamlipa mwalimu wa kushikilia darasa. Wawili wakifuatana, ada za muhula hazitoshi. NSSF ina fao lake la uzazi kwa mwanachama aliyechangia muda unaotakiwa, lakini fao hilo halimwondolei mwajiri mzigo wa mshahara. Kwa hiyo kila binti anayeingia kwenye usaili, mwajiri anamwona na bili yake mkononi. Ndipo yanakuja maswali ambayo kijana wa kiume haulizwi. Umeolewa? Una mpango wa kupata mtoto hivi karibuni? Mwenye adabu huuliza kwa kuzunguka: "Nyumbani mko wangapi?" Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na inahesabu kumwachisha mtu kazi kwa sababu hiyo kuwa si halali. Lakini hakuna sheria inayoweza kusoma sababu ambayo haikuandikwa. Binti hapigiwi simu, basi.

Aliyekwisha ajiriwa naye ana mitego yake. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja imetapakaa, na mkataba ukiisha katikati ya likizo hakuna aliyefukuzwa, "mkataba umefika mwisho." Ana haki ya kudai kama alikuwa na matarajio ya haki kwamba ungehuishwa, ila akadai wapi? Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambako mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Siku 30! Kwa mila za Pwani hajatoka hata arobaini. Mshono wa upasuaji bado unavuta, mtoto analia usiku kucha, na huku anatakiwa ajaze fomu na kukusanya vielelezo. Akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda na kueleza sababu, jambo ambalo nalo lina fomu zake.

Wapo pia wanaoumizwa kwa upole. Umerudi, bosi anakutazama machoni, anasema kwa huruma ya kweli, "Naona bado umechoka, ile kazi ya wateja wakubwa tumempa mwenzako kwa muda." Unashukuru, maana kweli umechoka. Muda ule hauishi. Safari za mikoani zinakwenda kwa mwingine, semina zinakwenda kwa mwingine, na miaka miwili baadaye nafasi ya kupanda cheo inapotangazwa, aliyekaa na wateja wakubwa ndiye mwenye uzoefu. Hakuna aliyekuonea. Ukilalamika utaonekana huna shukrani.

Haya yote yana mzizi mmoja: tumembebesha mwajiri mmoja gharama ya kazi ambayo faida yake ni ya nchi nzima. Mtoto huyo hatakuja kufanya kazi kwa mwenye shule ya awali. Atalipa kodi kwa serikali, atawalea wazee wa watu, pengine atamtibu huyohuyo bosi. Mkataba wa ILO wa mwaka 2000 uliliona hilo na kusema malipo ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asibebeshwe peke yake asipokuwa ameridhia.

Jirani zetu wa Rwanda walilijaribu. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2009 ilitoa wiki 12, ila mshahara kamili ulikuwa wa wiki sita za mwanzo. Aliyetaka kubaki nyumbani wiki sita zilizofuata alilipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Likizo ikawa ya wenye waume wenye kipato. Wengine walikuwa wanalazimika kurudi mtoto ana mwezi na nusu. Mwaka 2016 wakatunga sheria ya mfuko wa uzazi: mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri asilimia 0.3, na wanachangia wote, wanaume kwa wanawake, anayezaa na asiyezaa. Mwajiri alilipa nusu ya kwanza ya likizo, mfuko wa hifadhi ya jamii ukabeba iliyobaki. Baadaye likizo yenyewe ikasogea hadi wiki 14.

Asilimia 0.3 ni kiasi gani? Kwa mshahara wa Sh800,000 ni Sh2,400 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na Sh2,400 kutoka kwa mwajiri. Najua waajiri wetu wakisikia neno "mchango" wanashika vichwa, na wana haki. Wanalipa NSSF, wanalipa tozo ya ufundi stadi, wanalipa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Lakini huo WCF ndio ushahidi wangu. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na fundi akikatwa kidole na mashine, mfuko unalipa. Kwa sababu hiyo sijasikia bosi akimuuliza fundi kwenye usaili kama ana mpango wa kuumia hivi karibuni. Gharama ikishagawanywa, swali linakosa kazi.

Na wala si elimu ya kigeni. Nenda Manzese au Mbagala siku ya kikao cha VICOBA. Pembeni ya hisa na mikopo kuna mfuko wa jamii. Kila mama anatoa chake kidogo kila wiki, na hela ile ni ya msiba, ugonjwa na uzazi. Mwanachama akijifungua, inatoka hela, zinatoka na doti za khanga. Hawa ni mama lishe na wauza mboga, ambao hakuna sheria ya ajira inayowagusa, maana hawana mwajiri. Utawaona sokoni, mtoto wa wiki tatu amelazwa ndani ya boksi lililotandikwa khanga chini ya meza ya nyanya, mama anapima fungu kwa mkono mmoja. Akibaki nyumbani siku 84, mtaji wote ataula, na akirudi, eneo lake limeshachukuliwa. Mfuko wowote wa uzazi utakaoundwa siku moja ukiwaacha hawa nje, utakuwa umewahudumia wachache wetu tulio na hati za mshahara. Skimu za kuchangia kwa hiari zipo tayari kwa waliojiajiri. Kinachotakiwa ni fao la uzazi linalolipwa haraka, kabla mama hajarudi kwenye meza ya nyanya.

Kwamba sheria haiwezi kusogezwa, hilo si kweli. Tumeona kwa watoto njiti. Kwa miaka mingi, mama aliyejifungua katika wiki ya 30 alianza kuhesabiwa siku zake 84 wakati mtoto yuko wodini, amefungwa kifuani kwake kwa mtindo wa kangaruu, anapimwa kwa gramu. Alipofika siku ya 85 mtoto alikuwa na wiki mbili tu tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ililipigia kelele jambo hili mwaka hadi mwaka. Kwenye Mei Mosi ya 2024 pale Arusha, Makamu wa Rais Philip Mpango akatangaza kwamba muda wa mtoto njiti kufikia wiki 40 usihesabiwe kwenye likizo ya uzazi, na marekebisho ya sheria yakafuata. Kwa mama yule wa wiki ya 30, ni wiki kumi zaidi. Nchi haikufilisika.

Kwa anayesoma haya akiwa na mimba ya miezi mitano, mfuko wa uzazi kama ule wa Rwanda haupo, kwa hiyo afanye yaliyo mkononi. Sheria inataka mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, pamoja na cheti cha daktari. Iandike, usiishie kumwambia bosi kwenye korido. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kwenye barua hiyohiyo taja tarehe utakayorudi, na namna unavyoomba kuutumia muda wa kunyonyesha, kama ni kutoka saa tisa au kuugawa mara mbili, ili siku ya 85 usianze kujadiliana getini maziwa yakichuruzika. Uliza kama kuna chumba chenye komeo. Na kama mkataba wako unaisha katikati ya likizo, uliza sasa hivi, kwa barua pepe, kwa sababu jibu la mdomo CMA hawana pa kulishika.